Jumba la Shela na mtu mmoja ndani yake: barua ya wazi kwa wanaotupima

Kwa Mheshimiwa Gavana na Bunge la Kaunti ya Lamu. Kwa Seneta na wabunge wetu. Na kwa wakuu wa takwimu na wa ugawaji wa mapato mlioko Nairobi.

Waheshimiwa, Assalamu alaikum.

Naandika kutoka Langoni, mtaa wa mji wa Lamu nilimozaliwa na kulelewa. Miaka kadhaa nyuma nilipata kibarua cha ukarani katika utafiti wa kaya. Utafiti wenyewe sitautaja, maana niliyoyaona si kosa la ofisi moja. Ndivyo kazi hii inavyofanywa karibu kila mahali. Nilikuwa nabisha hodi, naketi mkekani na kuuliza: nani wanalala hapa, nani wanakula chungu kimoja, siku saba zilizopita mmekula nini, kipi mlinunua, kipi mlivua au kulima wenyewe, kipi mlipewa.

Siku moja tukafika Shela, kijiji cha ufuoni karibu na mji wetu, kwenye nyumba iliyokuwa katika orodha yetu. Ghorofa tatu za mawe, chokaa nyeupe, kidimbwi cha kuogelea uani, mlango wa nakshi. Alitufungulia mlinzi, kijana wa Siyu. "Mwenyewe yuko kwao Ulaya, dada. Huja Disemba, pengine na Agosti." Msimamizi wetu akaniambia niandike kuwa mwenye nyumba si mkaazi, kisha nimhoji mlinzi, kwa kuwa yeye ndiye alalaye pale. Nikamhoji. Wali na maharagwe, samaki mara mbili kwa wiki, mshahara wake, na kile anachomtumia mamake kila mwisho wa mwezi. Jioni nilipozipanga karatasi zangu, jumba lile zima lilikuwa na mtu mmoja tu ndani yake, na mtu huyo alikuwa maskini.

Tangu siku hiyo, kila nikisikia mkubwa akitaja namba ya pengo la kipato Lamu, naukumbuka mlango ule.

Sisemi kanuni ni mbovu. Utafiti wa kaya huhesabu wakaazi wa kawaida, na mwenye jumba lile, kama anahesabiwa, anahesabiwa kwao. Akiandikwa huku na huku atakuwa amehesabiwa mara mbili. Lakini basi ijulikane namba inayotoka ni ya nini. Ni pengo baina ya wale tuliowakuta nyumbani. Lile pengo ambalo mtoto wa Shela analiona kwa macho yake akitoka madrasa halimo.

Na hata matajiri wanaokaa hapa hapa si rahisi kuwapata. Geti halifunguliwi, au anatokea mfanyakazi kusema bwana yuko safarini, au maswali ya kipato yanajibiwa kwa mkato. Jambo hili wataalamu wa dunia nzima wanalijua. Ndiyo sababu watu kama mchumi Mfaransa Thomas Piketty na wenzake waliacha kutegemea hojaji peke yake wakaenda kwenye kumbukumbu za kodi kutafuta mapato ya watu wa juu kabisa. Waliyoyakuta huko mara nyingi yalikuwa makubwa kuliko yale ambayo utafiti wa kaya uliwahi kuonyesha.

Sasa niiseme namba yenyewe, maana inatajwa redioni na barazani kana kwamba kila mtu anaijua. Inaitwa Gini, kwa jina la Corrado Gini, mtakwimu wa Italia aliyeitoa mwaka 1912. Miaka saba kabla yake, 1905, Mmarekani Max Lorenz alikuwa amechora mstari unaoonyesha watu wa chini wana fungu gani la mali yote, na Gini akaupa mchoro huo namba moja. Sifuri maana yake wote wamepata sawa. Moja maana yake mmoja kachukua chote.

Wavuvi hawahitaji mchoro kulielewa hili. Chombo kikirudi, hutolewa kwanza gharama za mafuta, barafu na chakula, kisha kinachobaki hugawanywa: chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, nahodha na mabaharia wana mafungu yao. Tuseme mashua imebakiwa na kilo 100 na wa kugawana ni watu watano. Wakapata kilo 5, 10, 15, 20 na 50. Walinganishe wawili wawili, kila mmoja na kila mwenziwe. Jozi ni kumi. Jumlisha tofauti zao zote, utapata 200. Gawa kwa watu watano mara kilo 100, yaani 500. Jibu ni 0.40. Hiyo ndiyo Gini ya mashua ile.

Mashua ya pili nayo ina kilo 100 na watu watano. Wanne wamepata kilo 10 kila mmoja, tajiri wa chombo kapata 60. Tofauti ziko nne tu, kila moja kilo 50, jumla 200. Gini ni 0.40 vilevile.

Tazameni, waheshimiwa. Namba ni moja, lakini yule wa chini kabisa katika mashua ya kwanza anarudi kwa wanawe na kilo 5, na katika ya pili anarudi na kilo 10. Katika ya kwanza kuna ngazi, baharia anaweza kuota kuwa nahodha; katika ya pili kuna mmoja juu na wengine wote sakafuni. Mkinipa 0.40 peke yake, sijui niko ndani ya mashua ipi.

Kwa ajili hiyo wengine wanapendelea kipimo kinachoitwa Palma, kutokana na kazi ya Gabriel Palma, mchumi wa Chile. Chenyewe hakijishughulishi na watu wa katikati. Huchukua fungu la asilimia 10 ya juu na kuligawa kwa fungu la asilimia 40 ya chini. Mashua zetu zina watu watano tu, kwa hivyo tuchukue yule mmoja wa juu dhidi ya wawili wa chini: ya kwanza ni 50 kwa 15, mara tatu na zaidi kidogo, ya pili ni 60 kwa 20, mara tatu kamili. Tofauti iliyofichika ndani ya Gini imeanza kuchungulia. Tena hesabu hii hata mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, anaweza kuwaeleza wavuvi wake kwenye bandari ya samaki, na kwangu mimi hilo ni jambo kubwa. Kipimo ambacho anayepimwa hakielewi, hawezi kukihoji.

Nakuja kwenye kulinganisha, na hapa ndipo tunapodanganyana zaidi, pengine bila kukusudia.

Katika takwimu za Benki ya Dunia, Gini ya Kenya kwa mwaka 2015 ni 0.408. Ya Marekani kwa miaka hiyo ni kama 0.41. Nimemsikia mtu mzima mwenye elimu akisema mbele ya watu kuwa basi sisi na Wamarekani pengo letu ni sawa. Si kweli, wala namba hizo hazisemi hivyo. Kenya hupimwa kwa matumizi: kaya imekula nini, imelipa nini, imetumia nini. Marekani hupimwa kwa kipato. Tajiri hali chote anachopata, ziada huiweka au huinunulia ardhi. Maskini hutumia chote na pengine hukopa. Kwa hivyo pengo la matumizi huwa dogo kuliko pengo la kipato katika nchi ileile, miongoni mwa watu walewale. Ukiweka 0.408 ya matumizi kando ya 0.41 ya kipato, umepima moja kwa pishi na nyingine kwa mizani ya kilo, kisha ukasema ni sawa.

Siwalaumu waliochagua matumizi. Kwa watu wa bahari, hilo ndilo chaguo la busara. Muulize mvuvi wa Kizingitini mwaka huu amepata kiasi gani, atakutazama tu. Kaskazi ikivuma vizuri anaweza kupata kwa wiki moja kile ambacho kusi nzima haitampa. Kusi ikikaza, bahari imechafuka na vyombo vidogo viko pwani, anakula kwa deni la tajiri aliyempa mashine na nyavu, na deni hilo atalilipa kwa samaki kwa bei anayoitaka tajiri. Au fikirini ile hukumu ya Mahakama Kuu ya Malindi ya mwaka 2018, iliyosema wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walioathiriwa na ujenzi wa bandari walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Gawa, ni kama shilingi 382,000 kwa kila mmoja. Pesa kama hizo zikimfikia mtu mwezi mmoja, kipato chake mwaka ule kitamweka miongoni mwa wenye nacho, na mwaka unaofuata yuko palepale alipokuwa, tena bila eneo lake la kuvulia. Matumizi hayapandi na kushuka hivyo.

Utafiti mkubwa wa bajeti za kaya wa 2015/16 uliendeshwa miezi kumi na miwili, Septemba hadi Agosti, ili misimu yote iingie. Ni jambo jema. Kwa nchi nzima hilo limetosha. Kwa kaunti ndogo lazima tuulize zaidi. Kaya zilizopangwa kuhojiwa zilikuwa 24,000. Zikigawanywa sawa kwa kaunti 47, kila kaunti hupata kama 510. Katika hizo chache za Lamu, zilizohojiwa visiwani zilihojiwa wakati gani? Kama karani alifika Faza ya visiwani Januari akafika Mpeketoni ya bara Juni, hajalinganisha Faza na Mpeketoni. Amelinganisha kaskazi na kusi.

Kuna na ukubwa wa kaya. Chukueni baba na mama wenye watoto wanne, wawili chini ya miaka mitano, wawili kati ya mitano na kumi na minne. Wanatumia shilingi 18,000 kwa mwezi. Ukigawa kwa vichwa sita, kila mmoja ni shilingi 3,000. Lakini Kenya, katika kupima umaskini, humhesabu mtoto wa chini ya miaka mitano kuwa 0.24 ya mtu mzima, na wa mitano hadi kumi na minne kuwa 0.65. Kaya ile basi si watu sita, ni 3.78, na kila "mtu mzima" ana kama shilingi 4,760. Mstari wa umaskini wa mashambani wa 2015/16 ulikuwa shilingi 3,252 kwa mtu mzima. Kwa hesabu hiyo si maskini, na kwa kuwa mstari umewekwa kwa mtu mzima, hesabu ni halali. Ila Benki ya Dunia hugawa kwa vichwa. Anayechukua namba ya Nairobi na kuilinganisha na ya Washington bila kuuliza imegawanywa vipi, amewahamisha watu kutoka umaskini, au kuwarudisha, kwa kalamu tu. Na majumba yetu ya mawe, ambamo bibi yuko chini, mwana na mkewe ghorofa ya kati, mjukuu aliyeoa juu, wakati mwingine chungu kimoja na wakati mwingine vitatu, karani anayekata kuwa hii ni kaya moja au tatu huamua kwa dakika mbili. Mimi niliamua hivyo mara nyingi, na mpaka leo baadhi ya nyumba zile sina hakika nazo.

Sasa, Lamu kama Lamu. Utafiti huo wa 2015/16 ulitoa umaskini wa Lamu kuwa asilimia 28.5, wakati wa nchi nzima ulikuwa 36.1. Namba hiyo ikasomwa kama habari njema. Mimi niliisoma nikiwafikiria Waaweer, yaani Waboni, wa Basuba, nikiwafikiria wa Kiunga na Ndau. Katika sensa ya 2019 kaunti hii ilikuwa na watu 143,920. Lamu Mashariki yote, yaani Pate nzima, Kiwayu, Ndau, Kiunga na msitu wa Boni, ilikuwa na watu 22,258, chini ya mtu mmoja kwa kila sita. Wastani wa kaunti ni sauti ya Lamu Magharibi. Lamu Mashariki ikizama yote, wastani utatikisika kidogo tu.

Na kama wastani huficha umaskini, Gini peke yake nayo inaweza kuuficha kabisa. Ripoti ya mwaka 2013 ambayo KNBS, yaani ofisi ya takwimu ya taifa, walishirikiana na wenzao wa shirika la SID iliweka kaunti kwa mpangilio wa Gini. Tana River ilikuwa juu kabisa kwa pengo. Kwale, Kilifi na Lamu zikawa katika kundi la juu nayo. Turkana ikawa chini kabisa, yaani kaunti yenye "usawa" kuliko zote. Turkana, ambako watu wengi mno hawakuwa na kitu. Walikuwa sawa kwa kukosa. Hakuna atakayeamka Lamu aombe usawa wa namna hiyo, na kiongozi atakayekuja kutuambia kuwa Gini yetu imeshuka, natumai atatuambia pia imeshuka kwa kuwa wa chini wamepanda au kwa kuwa wa katikati wameanguka.

Niwape mfano mmoja zaidi, kisha niseme ninachoomba. Kuna vijiji viwili vyenye idadi sawa ya watu. Katika kimoja kila mtu anapata 1, katika kingine kila mtu anapata 9. Pimeni kila kijiji peke yake: Gini ni sifuri, raha mustarehe. Viunganisheni kuwa kaunti moja: Gini ni 0.40. Ni ileile ya mashua zetu, ila safari hii pengo lote liko baina ya vijiji, ndani ya kijiji hamna hata chembe. Dawa yake ni nyingine kabisa. Kwa mashua unazungumza na matajiri na ushirika juu ya mgao. Kwa vijiji unapeleka barabara, jeti ya boti, barafu, daktari. Gini haikuambii ni ipi. Kipimo alichokitoa Mholanzi Henri Theil mwaka 1967 kinakuambia, kwa sababu kinagawanyika vizuri: sehemu hii ya pengo iko ndani ya makundi, sehemu hii iko baina yao. Kwa kaunti iliyo nusu visiwa na nusu bara, ambayo tangu Mei 2021 ina gati la meli kubwa upande mmoja na mitumbwi ya makasia upande wa pili, sijui kwa nini tusikitumie hicho.

Ninachoomba kinawezekana, maana serikali hii hii imekwisha kukifanya mahali pengine. Mfuko wa Usawazishaji ulio katika Kifungu cha 204 cha Katiba ulipoanza kupangiwa sera, kaunti 14 ziliorodheshwa kuwa zimeachwa nyuma, Lamu ikiwa mojawapo. Sera ya pili, ya 2018, ikakiri kuwa kaunti ni chombo kikubwa mno cha kupimia, ikashuka chini mpaka kwenye kata ndogo. Mlioko Nairobi, shukeni hivyo hivyo katika pengo la kipato. Ongezeni kaya za kuhojiwa katika kaunti ndogo zenye visiwa. Msipoweza kutoa namba ya kila wadi kati ya wadi zetu 10, toeni walau ya Lamu Mashariki na ya Lamu Magharibi kila moja peke yake, na kila namba ibebe kiwango chake cha mashaka. Kando ya Gini wekeni fungu la asilimia 40 ya chini na la asilimia 10 ya juu. Andikeni waziwazi kama ni matumizi au kipato, kwa vichwa au kwa watu wazima, na bei za wapi, kwa sababu gunia la unga linalovuka kwa boti kutoka Mokowe ya bara mpaka Kizingitini ya kisiwani halibaki na bei ya Mokowe. Formula ya tatu ya kugawia kaunti mapato, ile ambayo Seneti iliipitisha 2020, ilitenga asilimia 14 kwa umaskini. Pengo la ndani ya kaunti halikuwa na fungu lake. Mnapoipitia formula, litazameni.

Mheshimiwa Gavana na waheshimiwa wa Bunge la Kaunti, kwenu nina ombi lisilohitaji Nairobi. Kaunti ndiyo yenye mamlaka ya kodi ya majengo na ndiyo inayotoa leseni za biashara za nyumba za wageni. Hesabuni, wadi kwa wadi, nyumba ambazo wenyewe hawakai hapa, vyumba vyake, na thamani yake. Majina sitaki, wala sina chuki na wenye nazo. Wapo waliosomesha watoto wetu na kuyanusuru majumba yaliyokuwa yakianguka katika mji huu ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Nataka namba ya wasiokuwepo iwekwe kando ya namba ya waliokuwepo, katika ripoti moja, ukurasa mmoja.

Na katika hojaji ijayo, mpeni karani kisanduku. Leo akifika kwenye mlango kama ule wa Shela hana pa kuandika anachokiona. Anaandika mlinzi anakula nini, anafunga daftari, anashuka ngazi. Kisanduku kimoja tu: nyumba hii ni ya nani kwa maana ya wapi anakaa, na aliyemo ndani ni nani wake. Mimi niko tayari kukaa na mtu yeyote wenu nimwonyeshe kiwekwe ukurasa gani. Nyumbani kwetu Langoni baraza iko wazi baada ya Alasiri.

Wenu katika heshima,
aliyekuwa karani, Amu